Ukoo wa Kogo (nyanya yetu): barua ya Texas

Shangazi Nakuru: Kwani hiki kikundi ni cha kutuma picha za ng'ombe tu? Nimeambiwa na muuza mboga kwamba Mwalimu sasa ni mkuu wa chuo. Mkuu, si naibu tena! Hongera kaka 🙏🏾🙏🏾

Chela: Mjomba umetisha!! 🔥

Mwalimu: Asanteni. Barua ilikuja Alhamisi. Ni chuo cha ufundi jamani, si chuo kikuu. Msije mkaniita profesa harusini.

Baba Chela: Mtu aliyeondoka hapa na raba zimetoboka kidole gumba, leo ana dereva.

Mwalimu: Dereva yupo. Gari ndilo liko gereji tangu Februari.

Mama Kip: Hongera sana kaka. Sasa maadamu uko macho, nisaidie. 📷 Hiyo ni barua ya Kip, imetoka kwa kocha wa riadha wa koleji moja ya Texas, Marekani. Baba yake ameisoma nusu akairudisha mezani.

Baba Kip: Nimeisoma yote. Ni komuniti koleji, ya miaka miwili. Kijana ana B+ na KUCCPS, wale wa serikali wanaogawa nafasi za vyuo, wamempa nafasi chuo kikuu hapa hapa. Avuke bahari kwenda kusoma kitu cha nusu?

Mwalimu: Shemeji, mimi nimetoka kwenye hicho kitu cha nusu.

Baba Kip: Wewe si ulisoma chuo kikuu?

Mwalimu: Nilimalizia huko. Miaka miwili ya kwanza ilikuwa komuniti koleji, Kansas, mji wenye taa moja ya barabarani. Nikapata cheti chao, halafu chuo kikuu kikanipokea moja kwa moja mwaka wa tatu. Digrii yangu iko ukutani, njoo uisome. Hakuna mahali pameandikwa nilianzia wapi. Na koleji hizi si za jana. Ile ya kwanza ya umma ilianza Joliet, jimbo la Illinois, 1901, na wanafunzi 6.

Shangazi Nakuru: Sita? Hiyo ni meza moja ya chakula.

Baba Chela: Na Mike Boit je, yule mkimbiaji wetu? Si naye alisomea pande hizo?

Mwalimu: Boit alikuwa chuo kikuu, lakini kidogo, Eastern New Mexico, mji wa Portales. Ukitoka hapo, mpaka wa Texas ni hapo tu. Nchi tambarare, upepo siku nzima, na njugu karanga. Nilipita na timu yetu tukienda mashindano, nikamwambia kocha asimamishe basi nione uwanja. Akakataa. Niliuona kupitia dirishani, sekunde nne hivi.

Baba Chela: Mbio zake za Olimpiki ya Munich 1972 tulizisikiliza kwa redio ya jirani, watu kama ishirini, betri zimeanikwa juani mchana kutwa. Mita 800. Kengele inalia, Boit na Robert Ouko wako mbele. Mzee mmoja akaanza kucheza tayari.

Chela: Halafu?

Baba Chela: Halafu akaja yule wa kofia 😩

Mwalimu: Dave Wottle. Mmarekani, alikuwa mwanafunzi wa Bowling Green, Ohio. Mzunguko wa kwanza alikuwa wa mwisho kabisa, na kofia ya gofu kichwani. Akawapita mmoja mmoja kwenye unyoofu wa mwisho. Arzhanov wa Muungano wa Kisovieti akaanguka kwenye mstari. Wottle 1:45.86, Arzhanov 1:45.89, Boit 1:46.01. Wottle akasahau kuvua kofia hata wimbo wa taifa ulipopigwa, ikabidi aombe radhi.

Mama Kip: Kaka, barua ya mtoto.

Mwalimu: Ndiko naelekea dada, vumilia. Wottle alikuja kuwa mkuu wa udahili, Rhodes College kule Memphis. Yaani yeye ndiye aliyesoma barua za watoto kama Kip wanaoomba nafasi. Boit akaendelea na masomo Stanford, kisha shahada ya uzamivu Oregon, akarudi nyumbani kuwa profesa Kenyatta. Miaka ya 1990 alikuwa Kamishna wa Michezo. Wa kwanza na wa tatu wa mbio zile wote wawili waliishia chuoni, upande wa pili wa meza.

Baba Kip: Hao ni watu wa medali.

Mwalimu: Medali moja ya Olimpiki tu kwa Boit, kumbuka. 1976 nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwemo, ziligomea Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. 1980 Kenya haikwenda Moscow. Olimpiki mbili zimemponyoka akiwa na miguu yake, bila kuumia. 1981 Brussels, Sebastian Coe wa Uingereza anavunja rekodi ya dunia ya maili, nani yuko nyuma yake? Boit, 3:49.45, miaka 32. Angekuwa ametegemea miguu peke yake tungekuwa tunachanga pesa zake humu kwenye kikundi.

Shangazi Nakuru: 😂😂 tena mchango usingefika

Mwalimu: Sasa barua. Kip uko?

Kip: Niko Mjomba.

Mwalimu: Soma aya ya tatu. Wanalipa nini?

Kip: Karo, ada na vitabu.

Mwalimu: Endelea.

Kip: Imeishia hapo.

Mwalimu: Umeona? Michezo ya nyingi za koleji hizi iko chini ya NJCAA, chama cha michezo cha koleji za miaka miwili, nacho kina madaraja matatu. Daraja la kwanza linaweza kulipa mpaka kitanda na chakula. La pili mwisho ni karo, ada na vitabu. La tatu hakuna hata senti. Hii inanuka daraja la pili. Utalala wapi, utakula nini?

Kip: Ajenti alisema kila kitu kimelipwa.

Mama Kip: Ajenti gani?

Baba Kip: Ajenti GANI?

Kip: Kuna mtu Eldoret. Anataka elfu mia na hamsini za kushughulikia.

Mwalimu: Usimpe hata shilingi. Kocha ameshakuandikia mwenyewe, huyo mwingine anashughulikia nini? Koleji ndiyo inatoa fomu ya I-20. Ukiipata unalipia SEVIS, ada ya serikali ya Marekani kwa wanafunzi wa kigeni, dola 350 mwenyewe kwa intaneti, ndipo uombe viza. Kazi utaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, tena mwaka wa kwanza ndani ya koleji tu. Mimi nilisugua sufuria za kantini. Kuna moja ya maharagwe nilikuwa naingia mpaka mabegani. Pesa yake ilitosha sabuni na simu ya Jumapili kwa Kogo.

Kogo (sauti, ameandika Chela): Nakumbuka. Ulikuwa unasema umeshiba. Nilijua unadanganya.

Mwalimu: Kip, mwandikie kocha leo. Muulize malazi na chakula ni kiasi gani kwa mwaka na nani analipa. Halafu muulize wanafunzi wangapi wa timu yake walihamia chuo kikuu baada ya miaka miwili. Akikujibu mbio tu, niambie.

Kip: Nimeandika: "Mheshimiwa Kocha, natumaini barua hii inakukuta ukiwa buheri wa afya..."

Mwalimu: Toa Mheshimiwa. Toa na afya. Swali la malazi liwe mstari wa kwanza.

Baba Kip: Mwalimu, hicho kiasi cha kitanda na chakula, kikiwa kikubwa, ile nafasi ya hapa inangoja mpaka lini?

Mwalimu: Hiyo iangalie kwenye barua yao. Usiiachie kwanza.

Baba Kip: Sawa. Kip, ukimaliza niletee ile ya Texas nisome tena.

Kogo (sauti, ameandika Chela): Na ng'ombe je? Saa kumi na mbili imepita, wote mko kwenye simu.

Kip: Naenda Kogo.