Marashi ya nywele ya kutengeneza nyumbani: mafuta yanajitenga na maji, nifanyeje?

Msusi wa Mikindani

Assalaam aleykum ndugu zangu, na shikamooni wakubwa. Mimi ni msusi hapa Mikindani, na kwa miaka sita sasa ninasuka nywele za asili na za rasta barazani kwangu. Wateja wangu wengi, hasa maharusi na wasindikizaji wao, hutaka wakiinuka mkekani nywele ziwe zinanukia, na harufu ibaki mpaka siku ya pili. Manukato ya dukani nimeyaacha, kwa sababu yana spiriti nyingi, na nimeona nywele za mteja mmoja aliyekuwa akiyapulizia kila siku zikikauka na kukatika nchani. Ndipo nikaamua kutengeneza marashi yangu mwenyewe kwa mafuta tete, yaani yale mafuta makali ya mimea yanayouzwa katika chupa ndogo za mililita 10.

Nilitayarisha chupa mbili za plastiki za kupulizia, kila moja ikiwa na mililita 100 za maji ya waridi. Katika ya kwanza nilitia nusu kijiko cha chai cha mafuta ya karafuu, na katika ya pili nikatia kiasi hicho hicho cha mafuta ya mchaichai. Nilitikisa mpaka maji yakawa meupe kama tui, nikaridhika. Asubuhi yake nilikuja kumpulizia dada wa bibi harusi kutoka chupa ile ya karafuu, na kabla sijafika utosini akashika kichwa akisema anaungua. Ngozi kwenye njia za nywele ilikuwa imegeuka nyekundu, na ilibaki hivyo mpaka jioni ingawa nilimwagia maji mengi. Nilipoiangalia ile chupa kwenye mwanga nikaona vitone vya manjano vimekaa chini kama shanga, ilhali chupa ya mchaichai ilikuwa na utando wa mafuta juu.

Naomba mnieleze namna sahihi ya kuyachanganya mafuta haya, kipimo kisichodhuru, na jinsi ya kuyahifadhi katika joto letu. Jirani yangu ananishauri nitumie gongo ya mabibo badala ya maji, kwa kuwa ndani yake mafuta yanayeyuka. Pia nina mti wa asumini uani, nami ningependa kujua kama maua yake yanaweza kutumika bila kununua chochote. Mwenzenu ile siku haijanitoka moyoni, kwa sababu yule binti alikuja kwangu kwa kuniamini.

Mkamuaji wa Mafuta, Lindi

Waaleykum salaam dada yangu, na pole sana, nawe mfikishie pole huyo binti. Mimi hukamua ufuta na nazi hapa Lindi, na mafuta haya makali nimeyatumia kwa muda, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu kidogo.

Mafuta tete hayachanganyiki na maji, na maji ya waridi ni maji. Ukitikisa unayavunja tu yawe vitone vidogo, ambavyo baada ya muda hukutana tena na kujitenga. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, hivyo huzama. Ya mchaichai ni mepesi, hivyo huelea. Sasa uangalie mrija wa chupa yako unaishia wapi: unafyonza kutoka chini kabisa. Kwa hiyo mtu wa kwanza kupuliziwa kutoka chupa ya karafuu hapati marashi, anapata karafuu tupu, na hayo ndiyo yaliyompata huyo binti. Katika chupa ya mchaichai mambo yangekwenda kinyume: wateja wa mwanzo wangepuliziwa maji, na yule wa mwisho, chupa inapokaribia kukauka, angebebeshwa mafuta yote.

Hata kama yangechanganyika vizuri, kipimo kilikuwa kikubwa. Nusu kijiko cha chai ni kama mililita 2.5, na katika mililita 100 hiyo ni asilimia 2.5. Karafuu ina kemikali iitwayo eujenoli, ambayo ndiyo hulitia ganzi jino linalouma, na wanaoandika kuhusu usalama wa mafuta haya hushauri yasizidi nusu asilimia juu ya ngozi. Ulikuwa umevuka mara tano. Mdalasini wa magome ni mkali kuliko karafuu, nami kichwani siutumii kabisa. Na siku nyingine ajali kama hiyo ikitokea, usianze na maji, kwa sababu hayayaondoi mafuta. Futa kwanza kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya nazi au ya ufuta, kisha osha kwa sabuni.

Kwa nywele za kusuka, njia ninayoiamini ni kuyaweka mafuta tete ndani ya mafuta mengine. Chukua mililita 100 za mafuta ya nazi, kisha hakikisha jumla ya mafuta tete haizidi mililita moja, yaani matone kama 20. Matone hutofautiana kwa ukubwa kulingana na mdomo wa chupa, kwa hiyo ni bora ununue bomba la sindano la mililita moja kwenye duka la dawa upime kwa hilo. Mchanganyiko wangu wa sikukuu ni matone sita ya pachuli (mmea wenye majani yanayonukia), sita ya mlangilangi, manne ya mchaichai na manne ya karafuu. Mchaichai husikika mwanzo na kuondoka mapema. Pachuli na karafuu ni nzito na hukaa, na ndizo zitakazokufikisha siku ya pili. Utapaka matone matatu tu viganjani, usugue, kisha upitishe mikono juu ya misuko bila kugusa ngozi ya kichwa. Ukizidisha, nywele zitashika vumbi la barabarani na harufu yote itaharibika.

Ukitaka cha kupulizia bila spiriti, tengeneza maji ya mvuke. Weka jiwe safi katikati ya sufuria, panga mchaichai uliokatwakatwa kulizunguka, tia maji yasifike juu ya jiwe, kisha weka bakuli juu ya jiwe hilo. Funika sufuria kwa kifuniko kilichogeuzwa, kishikio kikielekea ndani, na juu yake weka barafu au maji baridi. Mvuke ukigusa kifuniko hugeuka matone, matone huteremka kwenye kishikio na kudondokea bakulini. Kwa moto mdogo wa nusu saa utapata kikombe kimoja cha maji yanayonukia, ambayo harufu yake imo ndani kwa kiasi kidogo kisichojitenga wala kuunguza. Harufu ni ya upole, sitakudanganya, na maji hayo hayana kitu cha kuyazuia yasioze, kwa hiyo yakae kwenye jokofu na uyamalize ndani ya wiki moja.

Chupa za plastiki ziache. Mafuta haya hulainisha baadhi ya plastiki, nami nimewahi kukuta mpira wa dropa umevimba na kunata. Tumia kioo cheusi au cha kahawia, ufunge vizuri, uweke mbali na dirisha, maana mwanga, hewa na joto hugeuza mafuta ya jamii ya machungwa na mchaichai yakawa yenye kuwasha ngozi hata kama mwanzo hayakuwasha. Mafuta ya maganda ya ndimu na limau yaliyokamuliwa bila mvuke usimpake mtu atakayetoka juani siku hiyo, kwa sababu huifanya ngozi iungue kwa jua. Kwa jua letu la huku hilo si jambo dogo.

Mhudumu wa Duka la Dawa, Masasi

Dada, naomba nizungumzie spiriti peke yake, kwa sababu huko ndiko ninakoona hatari kubwa zaidi. Tafadhali usitumie gongo ya mabibo. Pamoja na kuwa kuitengeneza ni kosa kisheria, hakuna anayejua kilichomo ndani ya chupa hiyo, wala ukali wake, wala kama ina methanoli, yaani spiriti yenye sumu. Spiriti ya kuwashia moto, ambayo hutiwa rangi, nayo huwa na methanoli, na methanoli hupenya kwenye ngozi na huvutwa kwa pumzi. Ikiingia mwilini kwa kiasi cha kutosha hupofusha macho na huua. Mteja aliyeinamisha kichwa huku ukimpulizia anaivuta yote.

Ethanoli safi ya kutengenezea manukato ndiyo ifaayo, na mafuta tete huyeyuka humo vizuri. Ukiipata, usiipulizie ngozi ya kichwa wala nywele zenyewe kila siku, kwa kuwa ni kweli hukausha. Pulizia kitana, subiri spiriti iruke, kisha upitishe kitana hicho kwenye nywele. Na usifanye hivyo karibu na jiko la mkaa wala chetezo chenye moto, hata kama ni kwa haraka ya harusi.

Kabla ya kumpaka mteja mpya, paka tone moja la mchanganyiko wako, uliokwisha kupunguzwa nguvu, nyuma ya sikio au kwenye mkunjo wa ndani wa kiwiko, usubiri saa 24. Kwa watoto wadogo achana na mkaratusi na mnanaa karibu na uso, kwa sababu vinaweza kuwabana pumzi. Mama mjamzito aulize kwanza kliniki anakohudhuria.

Mkazi wa Newala

Nyongeza ndogo kwa wale tunaokaa huku juu. Mafuta ya nazi huganda yanaposhuka chini ya nyuzi joto 24 hivi, na miezi ya Juni na Julai hapa Newala asubuhi huyakuta yamekuwa meupe kama samli. Usiyabandike motoni, hasa kama tayari umetia mafuta tete, kwa kuwa harufu itaruka. Weka chupa ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu kwa dakika chache, kisha itikise.

Bibi wa Shangani

Mwanangu msusi, nimesoma swali lako nikafurahi kwamba una mti wa asumini, kwani una mali uani kwako. Nitakueleza tulivyofundishwa na masomo wetu.

Asumini huchumwa magharibi, yakiwa bado matumba yaliyofumba, kwa sababu hufunguka usiku na hapo ndipo hutoa harufu yake yote. Usiyachume yakiwa na maji ya mvua. Yatandaze juu ya kanga safi kwa muda wa saa moja ili unyevu uondoke, maana tone la maji likiingia kwenye mafuta ya nazi, mafuta yatachacha na kazi yako yote itamwagwa. Mafuta yawe yamechemshwa mpaka yamekauka maji, yaani yameacha kutoa kelele sufuriani, kisha yapoe kabisa. Tia maua, funika bakuli kwa kitambaa chepesi, uliache mpaka alfajiri. Asubuhi toa maua yote kwa mkono, hata lile moja lililojificha pembeni, kwa sababu asumini likishakuwa la kahawia hutoa harufu mbaya. Jioni tia maua mapya. Fanya hivyo usiku saba, na mafuta yaleyale yatazidi kunukia kila siku. Mlangilangi nao unakubali, lakini ni mkali, kwa hiyo maua mawili au matatu kwa bakuli yanatosha.

Asumini hayapendi moto, wala harufu yake haitoki kwa mvuke kama mchaichai. Ndiyo maana wanaotengeneza mafuta yake viwandani hutumia viyeyusho na maua mengi mno, na bei yake huwa juu sana. Ukiona kichupa kimeandikwa asumini na kinauzwa kwa bei ya soda, hiyo ni harufu ya kutengenezwa.

Kwa bibi harusi usiache kumfukiza. Nywele zikiwa na unyevu kidogo baada ya kuoshwa, akae juu ya kiti, chetezo kiwe chini nyuma yake, moshi wa udi upande kwenye nywele zilizoachiliwa. Hiyo ni kwa nywele zake mwenyewe tu, wala si kwa rasta, kwa sababu rasta ni plastiki na cheche moja huiyeyusha. Akishamaliza, kikuba cha asumini na rehani kinamtosha.

Msusi wa Mikindani

Shikamoo Bibi, na nyote nawashukuru kwa moyo wote. Gongo nimeikataa, na jirani nimemsomea maelezo ya mhudumu wa duka la dawa mwanzo hadi mwisho.

Nimenunua bomba la sindano na chupa mbili za kioo cha kahawia. Mafuta ya kwanza nimeyafanya kwa kipimo cha ndugu wa Lindi, isipokuwa karafuu nimeipunguza ikawa matone mawili, kwa kuwa bado naiogopa. Nilijipaka mwenyewe nyuma ya sikio juzi usiku na sikuona muwasho wowote, kisha nikapaka misuko yangu asubuhi. Leo ni siku ya pili, na nikikifungua kilemba bado nasikia pachuli na mlangilangi. Maji ya mvuke nimejaribu mara moja, nikapata nusu kikombe tu, nadhani kwa sababu kifuniko changu ni bapa na matone yalikuwa yakiteremkia pembeni badala ya kuelekea katikati. Nitaazima cha mama mkwe, kwa kuwa chake kimebonyea vizuri.

Yule binti nilimwendea nyumbani kumwomba radhi. Ngozi yake imepona, na amesema atakuja kusukwa Ijumaa, lakini kwa sharti kwamba nimpake mafuta ya asumini peke yake. Usiku wa leo ni wa nne tangu nianze, na maua nimekwisha kuyatandaza kwenye kanga.