Vifaa vya mtoto: ninunue nini kabla ya kujifungua?

Swali: Habari zenu. Mimba yangu ya kwanza imetimiza wiki 32, na mume wangu anapendekeza twende Kariakoo tukanunue kila kitu kwa mkupuo mmoja, ingawa mama mkwe anaona ni mapema mno. Vya lazima ni vipi?

Jibu: Hongera, mdogo wangu. Anza na vya kujifungulia ulivyoandikiwa kliniki, yaani khanga, mpira wa kulalia, glavu, pamba na kibanio cha kitovu. Khanga uzifue mara mbili au tatu kabla ya siku yenyewe, kwa sababu mpya huwa na wanga na hazinyonyi maji. Mwanangu wa kwanza alifunikwa khanga iliyochakacha kama karatasi.

Jibu: Naungana na dada. Nguo ndogo kabisa usizirundike: wangu alizaliwa na kilo 3.9, na fulana sita hazikumpita kichwani. Chupa za maziwa nazo ziache, kwani mtoto anapaswa kunyonya maziwa ya mama pekee hadi miezi 6.

Muulizaji: Asanteni sana. Nitatanguliza khanga, maana hizo mama mkwe hawezi kuzitilia shaka.