Naombeni ushauri: nimempata mama mzazi tuliyepotezana vita ya 1996

Mtoto wa Ziwa: Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, matusi sitaki. Nimezaliwa Baraka, Kivu Kusini, Kongo. Vita ilipotufikia nilikuwa na miaka sita. Ufukweni watu walisukumana, nikapakiwa mtumbwini, mama akabaki nchi kavu. Nilishukia Kigoma na watu nisiowajua, nikalelewa na mzee mmoja Muha na mkewe. Mwezi jana mama mmoja Mbembe anayeuza dagaa Kibirizi kanikutanisha na mama yangu. Yuko kambi ya wakimbizi Nyarugusu miaka yote hii! Mimi nimesoma sekondari Kasulu, pua na mdomo na kambi hiyo. Nataka aje Dar akae na mimi. Naanzia wapi?

Bibi Mstaafu: Nimelia kwenye daladala. Mwanangu, kamchukue leo hii hii. Wenzio tulizika bila kuagana.

Fundi Redio: Mkimbizi hatoki kambini bila kibali, aombe kwa mkuu wa kambi. Wewe uraia uliupataje?

Mtoto wa Ziwa: Nina kitambulisho cha taifa cha NIDA mkuu. Sioni hilo linahusikaje.

Fundi Redio: Linahusika sana. Ni wa tajnisi, yaani wa kuomba, au? Mbona unakwepa?

Mha wa Kukopa: Sisi shangazi alipotea Burundi 1972, tukaishia makazi ya wakimbizi Katumba. Tulimkuta makazi mengine, Ulyankulu, baada ya miaka thelathini, Kirundi chenyewe anababaisha. Akakataa kuhama, eti kuku atamwachia nani. Tukacheka. Kumbe hatanii.

Mtoto wa Ziwa: Haya. Wazee walionilea walikuwa wamefiwa na mtoto rika langu. Waliniandikisha shule kwa jina lake na cheti chake. Mpaka kazini natumia jina la marehemu. Msiniite mwizi, nilikuwa mtoto. Na wangenipeleka kambini leo ningekuwa wapi?

Kiberiti: Kwa hiyo humu tunachati na marehemu? Mimi nalala na taa.

Shahidi Namba Moja: Chai hii, tena ya tangawizi. Msalaba Mwekundu walikuwa wanatafuta watoto waliopotezana na wazazi, halafu huyu yuko Kasulu asionekane? Subirini, sasa hivi inakuja alama ya kuzaliwa begani. Mkuu, hiyo riwaya ikitoka tutanunua.

Mtoto wa Ziwa: Alinitafuta sana, kwa jina alilonipa yeye. Nani angeitika? Na alama ni ya kung'atwa na mbwa, iko pajani. Aliitaja kabla sijamwonyesha.

Bibi Mstaafu: Na yule mama aliyekulea umemwambia?

Mtoto wa Ziwa: Bado.

Fundi Redio: Sikiliza. Ukimtoa bila kibali wakamkamata, ataulizwa anakwenda kwa nani, na hapo faili lako ndipo linapofunguliwa. Tafuta wakili kwanza, la cheti ndilo zito kuliko yote. Vinasaba vinapimwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ila huendi kama unapima malaria, utahitaji barua ya wakili au ustawi wa jamii.

Mtoto wa Ziwa: Nauli nilishatuma juzi. Ana miaka sabini, nimsubirishe mpaka lini? Amepanda basi Kasulu leo alfajiri. Tangu Kibondo simu haipatikani.

Shahidi Namba Moja: Sehemu ya pili lini?

Fundi Redio: Wewe hebu nyamaza. Mkuu, njoo PM, nina mtu Kakonko, mbele ya Kibondo.