Insulini ya mama imeletwa na boda ikiwa ya moto. Niitumie au nitupe?

Kijana wa Tegeta:
Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada, hasa wafamasia na wenye wagonjwa wa kisukari nyumbani.

Bi mkubwa ana miaka 63, anachoma insulini ya mchanganyiko, ile 30/70, asubuhi na jioni. Siku zote nanunua famasi ya karibu na stendi. Mwezi huu hali ngumu, nikaona duka la dawa mtandaoni linauza kila kichupa pungufu ya elfu sita na wanaleta hadi mlangoni. Nikaagiza vitatu.

Boda kafika saa nane mchana, jua la Dar mnalijua. Mzigo uko kwenye mfuko mweusi unaning'inia kwenye usukani. Kushika maboksi, vuguvugu kama chai iliyosahaulika mezani. Barafu hakuna, risiti hakuna. Nampigia muuzaji, ananiambia, "Haina shida kaka, weka kwenye friji itarudi sawa."

Mama kaanza kuitumia Jumatatu. Kawaida sukari yake asubuhi kwenye kipimo ni 8 au 9. Juzi 14.6, leo 17.2, na chakula ni kile kile. Nawaza nimwongezee uniti. Mnasemaje?

Pwani Mchangani:
Rahisi ghali, mkuu.

Kijana wa Tegeta:
Nimekuja kuomba ushauri, siyo kuchapwa.

Mfamasia wa Zamu:
Usimwongezee uniti! Kama dawa imepungua nguvu na ukapandisha dozi, siku utakayopata kichupa kizima akachoma dozi ile ile kubwa, sukari itaporomoka. Hapo utamkuta anatoka jasho, anatetemeka, au hajitambui kabisa.

Asiache kuchoma pia. Leo hii kanunue kichupa kimoja pale pa zamani, aendelee na dozi aliyopangiwa, na daktari wake aambiwe hizo namba. Akianza kutapika, kuhema haraka au kusinzia ovyo, usisubiri majibu ya humu, mpeleke hospitali.

Hiyo ya "itarudi sawa" ni uongo. Insulini ni protini, ikishaharibiwa na joto friji haiitengenezi. Kichupa ambacho hakijafunguliwa kinatunzwa nyuzi 2 hadi 8. Kikishafunguliwa kinavumilia joto la kawaida la chumbani, nyingi kama wiki nne, soma karatasi iliyomo ndani ya boksi. Kwa hiyo saa moja ya boda peke yake huenda isingeiua. Kinachonitia wasiwasi ni kabla ya boda: ilikaa wapi, kwa muda gani? Anayening'iniza insulini kwenye usukani, stoo yake sitaki hata kuiona.

Nesi Mstaafu:
Mwanangu, chukua kichupa ukiviringishe taratibu kati ya viganja, usikitikise. Hiyo 30/70 inatakiwa iwe kama maziwa, sawasawa yote. Ukiona mabonge au chembe nyeupe zimeganda kwenye kioo, tupa. Lakini hata ikionekana nzuri haithibitishi kitu, macho hayapimi nguvu ya dawa.

Msema Kweli 40:
Tusiwaonee wa mtandaoni tu. Famasi za mtaani umeme ukikatika siku nzima nani anajua friji ilifika nyuzi ngapi?

Mfamasia wa Zamu:
Uko sahihi. Ndiyo maana uliza kipimajoto cha friji, na daftari la kuandika nyuzi kila siku. Kwa wa mtandaoni, muulize jengo liko wapi, namba ya usajili Baraza la Famasi, na jina la mfamasia msimamizi. Dawa yenyewe itafute kwenye orodha ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Akikupa namba ya simu tu, huyo ni mchuuzi. Na asiyekuomba cheti cha daktari kabla ya kukuuzia insulini, jiulize mara mbili.

Pwani Mchangani:
Basi safari ijayo mwambie aijaze barafu.

Mfamasia wa Zamu:
Isigusane na barafu! Insulini ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka. Inafungwa kwa kitambaa au karatasi kwanza, ndani ya kibebeo.

Mgogo Halisi:
Babu yangu kijijini hana friji. Anaweka kichupa kwenye kopo lenye mfuniko, kopo ndani ya chungu, chungu ndani ya beseni la mchanga uliolowa, kivulini. Mchanga haukauki, na zahanati ndiyo iliyomfundisha.

Kijana wa Tegeta:
Mrejesho. Nimenunua kimoja jana jioni, kilitolewa kwenye friji mbele yangu. Leo asubuhi 12.1. Kwenye vile vitatu nimeona jambo: viwili vina namba moja ya toleo, cha tatu ni tofauti na lebo yake imekaa upande. Muuzaji hapokei tena simu.

Mfamasia wa Zamu:
Usivitupe. Piga picha lebo zote, hifadhi na meseji za malipo, vipeleke ofisi ya TMDA ya kanda. Bi mkubwa mpime tena kabla ya chakula cha usiku, uandike.

Kijana wa Tegeta:
Sawa mkuu. 10.4 sasa hivi, anaulizia ugali wake.