Naomba ushauri: kuotesha mkombero bila kuumaliza msituni

Habari zenu wakulima. Naishi kijiji kinachopakana na msitu wa Kakamega, na inaniuma sana kuona mkombero, ule mmea wa kutambaa wenye mizizi inayonukia na kutafunwa, unavyoadimika. Wachimbaji wanang'oa mizizi yote wakauze vipande mjini, na mmea uliopanda mti mpaka juu unakauka wote.

Nataka kuuotesha shambani, chini ya miti ya migrevilea, upate kivuli na mahali pa kutambaa. Nina maganda mawili yaliyoanza kupasuka. Ndani mbegu zimejipanga, kila moja na kishungi cha manyoya meupe laini. Nizisie sasa hivi au nizikaushe kwanza? Na vipandikizi je, nikate sehemu changa au iliyokomaa? Ukikata tu, utomvu mweupe unatiririka, nahofia vitaoza kabla ya kutoa mizizi.

Kuna aliyewahi kuchimba mizizi ya upande mmoja tu, akafukia, mmea ukaendelea kuishi? Hilo ndilo nalitaka kulijua zaidi, maana soko lipo, watu wanaipenda ile harufu kama ya vanila.

Miche iliyotolewa msituni sitaki. Mwenye mbegu za shambani, hata kama yuko Vihiga au Busia, tafadhali tuwasiliane.