Tone la maziwa linagoma kutulia kwenye picha. Tatizo ni kamera?

Kichwamaji:
Wakuu, salaam. Nahangaika na tone la maziwa. Nimetundika mpira wa dripu sentimita 40 hivi juu ya sahani nyeusi, natafuta lile taji la maziwa linaloruka tone likipiga sahani, lenye vishanga kwenye ncha. Shata nimepeleka 1/4000 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 6400, mwanga wa dirishani. Kinachotoka ni chenga tupu na tone lililovutika. Nikawasha flashi, nusu ya picha ikawa nyeusi ti. Nikaweka ule mpangilio unaoruhusu flashi kwenye shata ya kasi, weusi ukaondoka lakini tone likabaki vilevile.

Maswali mawili. Je, bila kamera ya bei mbaya hii kitu haiwezekani? La pili ni la dada yangu, mchoraji. Anasema hata nikiipata picha, itakuwa kazi ya mashine na fizikia, mimi nitakuwa nimesimama tu pembeni. Sijapata la kumjibu.

Mama_Lenzi:
Achana na shata. Funga pazia, zima taa, shata iache wazi sekunde moja, flashi iteremshe hadi 1/64 au 1/128 ya nguvu yake. Kamera uliyonayo inatosha.

Kichwamaji:
Niiteremshe? Mama, si mwanga utapungua zaidi?

Fundi_Cheche:
Utapungua, ndiyo, na ndicho unachokitaka. Nimekaa na mitambo ya cheche na flashi sehemu kubwa ya maisha yangu, na swali hili haliishi, kwa hiyo nivumilie.

Flashi ndogo ya juu ya kamera ikipunguzwa nguvu haififishi mwanga wake. Inawaka kwa ukali uleule, kisha saketi inakata umeme mapema. Kwa nguvu kamili inaweza kuwaka 1/1000 ya sekunde au zaidi ya hapo. Kwa 1/128 ya nguvu, nyingi huwaka 1/20,000 ya sekunde tu, au hata chini ya hapo. Sasa piga hesabu. Tone lililoanguka sentimita 40 linafika sahani kwa mwendo wa karibu mita 2.8 kwa sekunde. Ndani ya 1/4000 linasogea milimita 0.7, na kwa picha ya karibu huo ni ukungu wa wazi kabisa. Ndani ya 1/20,000 linasogea milimita 0.14. Shata ya mapazia ya kamera ya kawaida haikufikishi hapo.

Ile nusu nyeusi: shata yako ni mapazia mawili yanayofuatana. Kwa 1/4000 hayafunguki yote kwa pamoja, bali unapita mwanya mwembamba unaoshuka, na safari yake nzima huchukua karibu 1/250 ya sekunde. Flashi inawaka mara moja, mwanya uko mahali pamoja, kwingine giza. Ule mpangilio wa pili unaifanya flashi ipigepige mfululizo muda wote mwanya unaposhuka, yaani umeigeuza kuwa taa ya kawaida. Umelipia flashi halafu umeinyang'anya kasi yake.

Gizani mambo yanageuka. Shata wazi, sensa (kipokea mwanga cha ndani ya kamera) haioni kitu, cheche inawaka, picha imekwisha. William Henry Fox Talbot, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alifanya hivyo mwaka 1851 pale Royal Institution, taasisi ya sayansi ya London: alibandika ukurasa wa gazeti la The Times kwenye gurudumu linalozunguka kwa kasi, akawasha cheche ya umeme uliohifadhiwa kwenye chupa za Leyden, na maandishi yakasomeka. Hapo hakuna aliyewahi kusikia neno sensa.

Angalizo: flashi kubwa za studio, hasa za zamani, nyingi hufanya kinyume. Ukizipunguza nguvu, mmweko unarefuka. Tumia ndogo.

Mama_Lenzi:
Niongeze la vitendo. Mwanga mdogo unaufidia kwa kusogeza flashi, si kwa ISO. Kutoka sentimita 60 hadi 30 unapata mwanga mara nne. Flashi mbili kwenye 1/64 ni bora kuliko moja kwenye 1/32. Anza na tundu la lenzi f/11, ISO 400, halafu fokasi uifunge kwa mkono: simamisha msumari pale tone linapoangukia, fokasi kwenye kichwa chake, uutoe. Na usimulike maziwa moja kwa moja, mulika karatasi nyeupe nyuma yake. Vinginevyo kila kishanga kitakuwa na doa jeupe lililoungua.

Kichwamaji:
Nimeelewa. Lakini nitajuaje wakati wa kuwasha? Vidole vyangu havina milisekunde.

Fundi_Cheche:
Hakuna mwenye vidole hivyo. Weka kizuizi cha mwanga, kitaa cha LED upande huu na kipokezi cha mwanga upande ule, chini kidogo ya mdomo wa dripu. Tone likikatiza, saketi inahesabu kisha inawasha flashi. Kwa sentimita 40 anguko ni karibu milisekunde 286. Anza chini ya hapo, maana likikatiza kizuizi tayari limekwishaanguka kidogo, ongeza moja moja, na utaona taji likiinuka picha kwa picha ingawa kila picha ni tone jingine. Hapa mimi hukaa usiku kucha bila kuchoka. Kwanza kisahani cha maziwa kinavimba pembeni, halafu ukingo unanyanyuka kama ukuta mwembamba unaokaribia kupitisha mwanga, halafu ukingo huo unashindwa kuamua uende wapi, unajikusanya vifundo vifundo, na kila kifundo kinatema kishanga. Maziwa yawe tabaka la milimita moja au mbili tu. Ukijaza bakuli, tone litachimba shimo, shimo litajifunga, na badala ya taji zuri utapata nguzo inayopanda katikati. Nayo ni nzuri, ila siyo uliyoiagiza.

Ukichoka na maziwa, hamia kwenye puto na maikrofoni: puto linapasuka, maikrofoni inasikia mlio na kuwasha flashi. Sauti hutembea karibu mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ukisogeza maikrofoni sentimita 34 nyuma umechelewesha flashi milisekunde moja. Saa yako inakuwa rula. Risasi usiziguse, kwanza kwa sababu ya akili, pili kwa sababu risasi ya mita 850 kwa sekunde inasogea zaidi ya sentimita 4 ndani ya 1/20,000. Picha za risasi za Harold Edgerton, mhandisi wa chuo cha MIT, Marekani, pamoja na ile ya 1964 ya tofaa lililotobolewa na risasi, zilitaka mmweko wa karibu sehemu moja ya milioni ya sekunde.

Kichwamaji:
Na dada?

Fundi_Cheche:
Mwambie habari za Arthur Worthington, Mwingereza. Kabla picha hazijaweza kazi hii, alikuwa anaangusha tone gizani, anawasha cheche, kisha anachora kile kilichobaki machoni. Kwa miaka michoro yake ilikuwa ya mataji kamili, pande zote sawa. Miaka ya 1890 akafanikiwa kupiga picha, na picha zikaonyesha mataji yaliyopinda, yenye meno ya urefu tofauti. Aliporudi kwenye michoro ya zamani akakuta michoro ya mataji yaliyopinda ilikuwepo siku zote, mwenyewe aliiweka kando akidhani ni makosa ya tone fulani. Jicho lilikuwa limechagua.

Edgerton alisema asifanywe msanii, yeye ni mhandisi, anatafuta ukweli tu. Mtu huyohuyo alikuwa akilirudia tone la maziwa tangu miaka ya 1930, na picha ya rangi iliyompa jina ni ya 1957. Kama ni ukweli tu, taji lolote lingetosha.

Kwa hiyo mashine inawasha, sawa. Nani anatupa zile nyingine? Mimi zile zilizopinda sizifuti, na nyingi nazipenda kuliko zilizonyooka. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliangusha matone kwenye kioo kikavu, wakapunguza hewa iliyozunguka, na tone likaacha kabisa kurusha vishanga. Likajitandaza kimya. Asiyetazama vizuri angeiita picha mbovu, kumbe pale kwenye kioo kikavu hewa yenyewe ndiyo iliyokuwa inarusha vishanga.

Mama_Lenzi:
Dada aje achague, yeye ndiye mchoraji. Na Kichwamaji, weka kioo cha kinga mbele ya lenzi kabla hujaanza, badili maziwa sahani ikianza kupata utando, na kati ya tone na tone subiri uso utulie. Wengi wanaolalamika kwamba taji limepinda wameangushia tone kwenye mawimbi ya lililotangulia.