Naomba ushauri: wifi anasema sote ni makuhani, kijana wangu anataka upadri

Hamjambo wapendwa. Niko Kisumu, Nyalenda. Kifungua mimba wangu amemaliza Kidato cha Nne na anataka kuingia seminari. Mimi ni Mkatoliki, nilifurahi hadi machozi. Lakini Jumapili tukila, wifi yangu, ambaye ameokoka, alinawa mikono akafungua Biblia, 1 Petro 2:9, pale penye "ukuhani wa kifalme". Akamuuliza, "Kama sote ni makuhani, huko unafuata nini?" Kijana alinyamaza, akabaki anachambua miiba ya ngege. Tangu siku hiyo hataji seminari.

Nimejaribu kusoma. Waebrania wanaambiwa Kristo ndiye Kuhani Mkuu, kwa mfano wa Melkizedeki, yule kuhani wa zama za Abrahamu, na alijitoa mara moja tu. Kanisa letu linakubali kwamba kila mbatizwa anashiriki ukuhani huo; Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, uliandika hivyo mwaka 1964. Ila unaongeza kuwa ukuhani wa daraja, yaani wa mapadri na maaskofu, unatofautiana na wetu kwa asili, si kwa kiwango tu. Hapo ndipo ninapokwama. Padri akiinua mkate altareni, anafanya nini ambacho mimi niliyebatizwa siwezi? "Ndivyo tulivyofundishwa" haitamtosha wifi, na naona haitamtosha mwanangu pia.

Mlio na watoto seminarini, na hata ninyi Waprotestanti mnaoelewa hoja ya wifi, nielezeni kwa maneno mepesi. Na huyu kijana, nimngoje aseme mwenyewe au nimpeleke kwa paroko? Naogopa kumsukuma.